Barua ya wazi kwa Makamu Wakuu wa Vyuo: slaidi zilizopandishwa mtandaoni hazijawa somo

Kwa Waheshimiwa Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu, Manaibu wenu wanaosimamia Taaluma, na Wakurugenzi wa vituo vya ujifunzaji mtandaoni,

YAH: MASOMO MAFUPI YA MTANDAONI KWA KOZI ZA PAMOJA ZA MWAKA WA KWANZA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Tunaoandika ni wahadhiri wa kozi za pamoja, yaani Stadi za Mawasiliano, Taaluma za Maendeleo, takwimu za mwanzo na matumizi ya kompyuta, pamoja na wenzetu wanaoandaa masomo ya kozi hizo kwenye Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni. Hizi ndizo kozi zenye wanafunzi wengi kuliko zote chuoni, na ndizo zinazotunzwa kidogo kuliko zote. Ukumbi unafurika, waliochelewa wanasikilizia madirishani, kipaza sauti kinakoroma, na ikifika wiki ya tatu wanafunzi wameshagawana kazi: wawili waende kusaini mahudhurio, waliobaki wasubiri madesa kwenye kundi la WhatsApp.

Vyuo vimejibu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupandisha slaidi zilezile za ukumbini zikiwa PDF. Ya pili, iliyoshika kasi tangu vyuo vilipofungwa mwaka 2020, ni kurekodi mhadhara wa saa nzima na kubandika kiungo chake. Zote mbili huingia kwenye ripoti kwamba kozi sasa iko mtandaoni. Kwa mwanafunzi, kilichobadilika ni mahali pa kupakulia desa.

Ombi letu ni masomo ya dakika 8 hadi 12, ambayo mtu hawezi kuyamaliza bila kufanya kazi, na ambayo simu ya bei nafuu inayabeba. Tunaeleza kwa kirefu yanavyojengwa na yanavyoharibika kwa sababu bajeti, mgawanyo wa saa za kazi na zabuni viko mikononi mwenu, na hivyo ndivyo vinavyoamua kama masomo haya yatasimama.

Kwanza ufupi. Mwaka 2014 Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichambua vipindi milioni 6.9 vya kutazama video kwenye kozi za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni. Hata video iwe ndefu kiasi gani, muda ambao mtazamaji wa kawaida alikaa nayo haukuvuka dakika 6 hivi. Na wale walikuwa watu waliojiandikisha kwa hiari yao. Mwanafunzi wa kozi ya lazima, tena anayelipia bando mwenyewe, hatuna sababu ya kumtarajia avumilie zaidi yao.

Pili, kufanya kazi. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Washington University, St. Louis, walichapisha mwaka 2006 jaribio ambalo kila mhadhiri angepaswa kulijua. Kundi moja lilisoma matini mara mbili, jingine likaisoma mara moja kisha likajipima kwa kuandika ilichokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yakapinduka: waliorudia kusoma walibaki na asilimia 42, waliojipima 56. Hapo ndipo desa linapomlaghai mtu. Anayelisoma mara tatu usiku wa kuamkia mtihani anajiona ameelewa, na kwa saa ile kweli ameelewa. Somo lililojengwa vizuri humnyang'anya faraja hiyo mapema, wakati bado kuna muda wa kurekebisha.

Tuchukue mada ya wastani na mediani katika takwimu, tuone dakika 10 zinavyotumika.

Skrini ya kwanza haina fasili wala orodha ya malengo ya somo. Ina duka la vifaa vya ujenzi lenye watu watano kwenye orodha ya malipo: kwa mwezi wanapokea shilingi 180,000, 200,000, 200,000, 220,000 na 1,700,000. Duka limetoa tangazo la kazi: "Mshahara wa wastani hapa ni shilingi 500,000." Swali: tangazo linadanganya? Mwanafunzi anabonyeza ndiyo au hapana, bila alama. Shabaha ni ashike upande, kwa kuwa aliyeshika upande huwa na hamu ya kujua kama alikosea.

Skrini ya pili anapiga hesabu mwenyewe na kuandika jibu. Hachagui kwenye orodha, anaandika. Jumla ni 2,500,000, gawa kwa 5, unapata 500,000. Tangazo liko sawa kihesabu! Hapa pana tatizo dogo linaloua masomo mengi: mfumo ukisetiwa kupokea "500000" pekee, aliyeandika "500,000" anaambiwa amekosa, anarudia mara mbili, kisha anafunga simu. Weka majibu yote yanayokubalika, yenye mkato na yasiyo nao, yenye neno "shilingi" na yasiyo nalo.

Skrini ya tatu ina kitelezi, yaani kitufe cha kusogeza kwa kidole, cha mshahara wa bosi. Mwanafunzi anaupandisha kutoka 1,700,000 hadi 4,200,000 na kutazama namba mbili zilizo juu yake. Wastani unaruka hadi 1,000,000. Namba ya pili, ambayo bado hajaambiwa jina lake, imetulia pale pale kwenye 200,000. Ndipo skrini ya nne inapomwambia: hiyo inaitwa mediani, ni thamani iliyo katikati baada ya kupanga namba kwa ukubwa. Maneno yasiyozidi 40. Fasili imefika wakati mwanafunzi ana swali ambalo fasili hiyo inalijibu. Ukumbini huwa tunaitoa dakika ya kwanza, kabla mtu hajaona inamsaidia nini.

Skrini ya tano ndiyo tunayotaka muitazame kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayokula saa za mhadhiri. Swali: tafuta mediani ya 7, 2, 9, 4, 3. Chaguo ni 4, 9, 5 na 5.5. Hakuna hata moja lililookotwa. Aliyechagua 9 alichukua namba ya katikati bila kupanga. Aliyechagua 5 alipiga wastani, yaani 25 kwa 5. Aliyechagua 5.5 alitafuta katikati ya 2 na 9, akazisahau zilizo kati yake. Kila kosa linapata mrejesho wake: wa kwanza anaambiwa "zipange kwanza, kisha uhesabu kutoka pande zote mbili", wa pili anarudishwa kwenye kitelezi, wa tatu anaulizwa jibu lake lingebadilikaje kama 9 ingekuwa 900. Ujumbe wa "Umekosea, jaribu tena" haumfundishi mtu kitu. Anabonyeza inayofuata mpaka apate ya kijani. Mwandishi wa swali asipoweza kusema chaguo fulani linatokana na kosa gani, chaguo hilo lifutwe. Maswali yenye chaguo tatu nzuri ni bora kuliko manne yenye moja la kujazia nafasi.

Skrini ya mwisho inamrudisha dukani: andika sentensi moja ya kumweleza rafiki yako anayetaka kuomba kazi pale. Haipati alama. Akishaandika, anaonyeshwa jibu la mfano, anajilinganisha.

Swali la mediani linarudi tena baada ya siku tatu, na tena wiki ya tatu, likiwa na namba nyingine. Moodle ina aina ya maswali yanayobadilisha namba kwa kila mwanafunzi, kwa hiyo picha ya jibu iliyotupwa kwenye kundi haimfai mwingine. Wengi wetu tumetumia nguvu nyingi kuwinda wadanganyifu kuliko kuandika maswali yasiyodanganyika.

Mtasema takwimu ni rahisi, maana jibu ni namba. Vipi Taaluma za Maendeleo? Kosa linalofanyika kule ni kugeuza historia kuwa chemshabongo ya tarehe: Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka gani? Anayejua 1967 hajathibitisha kwamba anaelewa uchumi wa nchi ulipita wapi. Tunapendekeza zoezi la namna hii. Mwanafunzi anapewa kadi tano: Azimio la Arusha 1967, kupanda kwa bei ya mafuta 1973, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki 1977, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa 1986. Anaulizwa: kadi ipi ukiiondoa, uhaba wa bidhaa wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ungepungua zaidi? Na ipi haiwezi kuwa sababu kabisa? La pili lina jibu moja, kwa kuwa ya 1986 imekuja baada ya uhaba, na hapo anayebahatisha anajulikana. La kwanza halina. Anachagua, anaandika sababu kwa maneno 30, kisha anafunguliwa maoni ya wahadhiri watatu wasiokubaliana. Mashine haisahihishi hoja hiyo, na isijaribu. Kazi ya somo ni kumfikisha kwenye semina akiwa na msimamo mkononi, ili dakika 50 za semina zisiishie kumsikiliza mhadhiri akisoma slaidi.

Kwa sayansi za jumla, msianze na karatasi tupu. Mradi wa PhET wa University of Colorado Boulder, ulioanzishwa na Carl Wieman mwaka 2002, unatoa bure majaribio ya kuigiza kwenye skrini ya fizikia, kemia na hisabati, na baadhi yameshatafsiriwa kwa Kiswahili.

Kuhusu lugha hatutazunguka. Lugha ya kufundishia ni Kiingereza, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mara nyingi hukwama kwenye neno kabla hajafika kwenye wazo. Somo fupi linaruhusu kitu ambacho ukumbi haukiruhusu: kila neno la kitaaluma liwe na kitufe kinachofungua maelezo ya Kiswahili ya mistari miwili, na sauti ya mhadhiri akilieleza kama anavyolieleza koridoni. Maswali yabaki katika lugha ya mtihani. Kinachoshindikana ni kutafsiri neno kwa neno kwa mashine na kupandisha bila kuhakiki. Hapo mwanafunzi anapata lugha mbili asizozielewa.

Sasa uzito, maana hapa ndipo zabuni nyingi hupotea njia. Video ya saa moja kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde ni megabaiti 450. Wanafunzi 600 wakiipakua, ni gigabaiti 270, na kwenye laini ya chuo ya megabiti 100 kwa sekunde hiyo ni kazi ya saa 6, kama hakuna mtu mwingine yeyote anayetumia laini hiyo. Somo la megabaiti 5 kwa watu haohao ni gigabaiti 3, dakika 4. Megabaiti 5 zinatosha kabisa. Sauti iliyorekodiwa kwa njia moja, kilobiti 32 kwa sekunde, inakula kilobaiti 240 kwa dakika, kwa hiyo dakika nne za maelezo hazifiki megabaiti moja. Picha moja isizidi kilobaiti 60. Pale panapohitajika mwendo kweli, weka kipande cha video cha sekunde 40. Sura ya mhadhiri anayeongea haihitaji mwendo.

Masomo yapakulike. Programu ya simu ya Moodle inamruhusu mwanafunzi kupakua shughuli za H5P, yaani mazoezi yanayojengwa kwa zana ya bure ya jina hilo, akiwa kwenye mtandao wa chuo, azifanye hosteli bila bando, na matokeo yapande akirudi hewani. Lakini msimamizi wa mfumo lazima awe ameruhusu, na wakati mwingine kisetio hicho kimezimwa, hakuna anayejua kwa nini.

Mkinunua masomo yaliyotengenezwa nje, mtaletewa vifurushi vya SCORM, yaani muundo wa kufungasha somo ili lifunguke kwenye mifumo mbalimbali. Ulizeni toleo. SCORM 1.2, ambayo bado imeenea, inahifadhi kumbukumbu ya mahali mwanafunzi alipofikia katika herufi 4,096 tu. Somo refu lenye maswali mengi linajaza nafasi hiyo, kumbukumbu inakatika, na mwanafunzi akirudi anakuta ameanzishwa upya. Analalamika, fundi anaambiwa "mtandao wa mwanafunzi ni mbovu", na kesi inafungwa. Dawa ni kuligawa somo. Jambo la pili la kuuliza: alama inatumwa lini? Kifurushi kinachotuma alama mwanafunzi anapobonyeza "Toka" pekee kitawapa sifuri wote waliofunga simu kwa kitufe cha pembeni, na hao ndio wengi.

Mazoezi ya kuburuta na kudondosha yanapendeza sana kwenye projekta siku ya uzinduzi. Kwenye simu ya inchi 6, kidole kinachoburuta kadi kinasogeza ukurasa mzima. Kwa mwanafunzi asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini, zoezi hilo halipo kabisa. Tumieni kugusa: gusa kadi, gusa mahali pake. Kitufe kisipungue milimita 9, video iwe na maandishi yake chini, picha iwe na maelezo yanayosomeka kwa sauti.

Alama. Masomo haya yakibeba asilimia 40 ya alama za muhula, yameshakuwa mtihani, na yatafanywa kama mtihani: kwa simu ya rafiki aliyefaulu. Yakibeba sifuri, yatafanywa na wale ambao wasingepata sapu, yaani mtihani wa marudio, hata hivyo. Tunashauri asilimia 10 kwa jumla, zitolewe kwa kukamilisha, jaribio lenye alama ya juu zaidi lihesabiwe, na kurudia kusiwe na kikomo. Na saa zake zitoke ndani ya kozi. Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, kujisomea kukiwemo. Masomo 20 ya dakika 12 ni saa 4. Yakiongezwa juu ya mihadhara yote iliyopo bila kupunguza chochote, mwanafunzi ataona ni adhabu, na atakuwa sahihi.

Tunafika kwenye fedha. Leseni ya Moodle ni bure, H5P ni bure, seva mnazo. Gharama ni saa za watu. Kwa makadirio yetu ya kazi, somo moja kama lile la mediani linahitaji saa 20 hadi 30: takriban saa 8 za mhadhiri kuandika kisa cha somo, maswali na mrejesho wa kila kosa, saa 8 hadi 12 za mwandaaji kulijenga, saa 2 za sauti, na zinazobaki ni majaribio na marekebisho. Kutazama wanafunzi watano wakilifanya kwa simu zao wenyewe, bila kuwasaidia, kunaibua makosa mengi kuliko kikao cha kamati. Leo saa hizo 8 za mhadhiri hazimo popote kwenye mzigo wake wa kazi, na anapoomba kupandishwa cheo somo lililotumiwa na watu 600 halina pa kuandikwa, wakati makala iliyosomwa na watu kumi inayo. Kama hilo halibadiliki, mtapata kile mnachopata sasa, yaani slaidi.

Kisha somo litunzwe. Baada ya muhula wa kwanza, ripoti ya maswali ya Moodle inaonyesha ni asilimia ngapi walipata kila swali, na kama waliopata ndio walewale wanaofanya vizuri kwingine. Swali ambalo wanafunzi hodari wanalikosa na dhaifu wanalipata lina kasoro, mara nyingi jibu sahihi limewekwa kimakosa. Lililopatwa na asilimia 98 halifundishi kitu tena. Mhadhiri apewe saa 10 kila mwaka za kazi hiyo, na faili asilia za kuhariri zibaki chuoni. Mikataba inayomkabidhi mnunuzi kifurushi kilichofungwa, na kumtoza upya kwa kusahihisha herufi moja, msisaini.

Pia hatuoni sababu ya kila chuo kujenga somo lake la kunukuu vyanzo. Stadi za Mawasiliano za Dodoma na za Morogoro hazitofautiani. Masomo yatolewe kwa leseni huria ya Creative Commons inayoruhusu kubadilisha kwa sharti la kutaja chanzo, vyuo vigawane mada, kimoja kijenge kunukuu, kingine uandishi wa aya, kingine kusoma jedwali. Na kumbukumbu za nani alikosa nini ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zisibandikwe ubaoni, zisikabidhiwe kampuni ya nje bila makubaliano ya maandishi.

Kwa muhula ujao tunaomba kozi moja tu, Stadi za Mawasiliano, masomo 10, wahadhiri wawili waliopunguziwa vipindi vinne kwa wiki na mwandaaji mmoja wa muda wote. Tunaomba pia mtujibu kabla ratiba haijafungwa, kwa sababu ikishafungwa saa za wahadhiri hao zitakuwa zimeshagawiwa mihadhara.

Wenu katika kazi,

Wahadhiri wa kozi za pamoja na waandaaji wa masomo ya mtandaoni